Dawa chungu hazifanyi kazi moja

Katika kazi yangu ya famasia ya mimea, watu huniuliza sana kama dawa ikizidi uchungu ndivyo inavyozidi kutibu. Hata matabibu wa zamani waliwahi kuamini hivyo, na kilichowaaminisha zaidi ni mkwinini.

Gome la mti huo wa milima ya Andes lilifika Ulaya katika karne ya 17, likatuliza homa za vipindi, ambazo nyingi tungeziita malaria leo. Walilisaga na kuliloweka kwenye divai, maana maji matupu hayavuti vizuri kiini chake. Lilikuwa chungu mno, na ghali, hivyo watu wakautafuta uchungu kama huo kwenye miti ya karibu.

Kasisi Mwingereza, Edward Stone, alionja gome la mwerebi, akakumbuka mkwinini papo hapo. Alikusanya karibu ratili nzima, akaliacha ndani ya mfuko juu ya ukuta wa nje wa tanuri la mwoka mikate kwa zaidi ya miezi mitatu, kisha akalitwanga na kulichekecha. Wagonjwa walipewa unga huo kila baada ya saa nne, kwanza kidogo, kisha kipimo kikapandishwa. Alipokwisha kutibu watu wapatao 50, taarifa yake ilichapishwa na Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, mwaka 1763. Namheshimu kwa ukweli wake: alikiri kwamba homa sugu chache zilipungua tu, zikaisha alipochanganya unga wake na mkwinini kidogo.

Mchanganyiko huo unaeleza mengi. Mwerebi una salisini, ambayo mwilini hugeuka asidi ya salisiliki: inashusha homa na maumivu, lakini vimelea vya malaria haiviui. Kwinini, kiini cha mkwinini ambacho wanakemia Pelletier na Caventou walikitenga huko Ufaransa mwaka 1820, huviua ndani ya damu. Ulimi hauwezi kuzitofautisha hizo mbili.

Shubiri ni habari nyingine kabisa, yenyewe husukuma utumbo mpana. Marekani iliiondoa kwenye dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti mwaka 2002, kwa kukosa ushahidi wa usalama.

Kwa mzizi wa jentiana, mmea wa milima ya Ulaya, uchungu ndio dawa yenyewe. Ukigusa ulimi, mate hutoka na tumbo huanza kujiandaa kwa chakula, ndiyo maana tangu zamani hunywewa kidogo kabla ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo aukwepe, kwa kuwa asidi inayoamshwa humzidishia maumivu.