Povu la mafuta ya alizeti haliozi kama mashudu

Hapa Dodoma, kwenye alizeti tele, wengi wakisikia povu gumu la poliuretheni, lile la manjano ndani ya kuta za friji, laweza kutengenezwa kwa mafuta ya mimea, hudhani litachuruzika mafuta na kuoza kama mashudu. Sivyo. Mafuta ya nyonyo yana kiasili vikundi vya haidroksili, yaani oksijeni iliyoungana na haidrojeni. Ya alizeti hayana, huongezewa kiwandani kwanza. Vikundi hivyo vikishikana na aisosayaneti, kemikali ya pili ya kutengenezea povu hili, mafuta si mafuta tena: bonyeza kipande kwa kidole gumba, ni kikavu kabisa. Ila aisosayaneti yenyewe kwa kawaida hutokana na mafuta yachimbwayo ardhini, kwa hiyo nawasihi, msilichome mkidhani ni majani. Moshi wake ni sumu.