Kozi za Honazi Si Mzigo wa Ziada

Wanafunzi wengi wanaojiunga na vyuo vikuu vya Marekani huamini kwamba kozi za honazi, yaani zile za kina zinazofundishwa katika madarasa madogo, huongezwa juu ya masomo ya kawaida na hivyo kuchelewesha kuhitimu. Inasikitisha kuona vijana wenye uwezo wakizikwepa kwa hofu hiyo, kwa sababu kwa kawaida kozi hizo huchukua nafasi ya kozi za lazima: anayetakiwa kusoma utangulizi wa saikolojia husoma somo hilohilo kwa kina zaidi, na krediti zake, yaani vipimo vya masomo aliyokamilisha, huhesabiwa katika shahada yake kama kawaida. Tangu mwaka 1922, Frank Aydelotte, rais wa chuo cha Swarthmore huko Pennsylvania, alipoanzisha mpango wa namna hii chuoni hapo, wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho waliondolewa katika madarasa ya kawaida, wakasoma kwa semina na kutahiniwa na watahini kutoka nje.

Kinachochelewesha watu hasa ni mpangilio mbaya. Katika ratiba ya usajili, somo moja huweza kuonekana katika mistari miwili, mmoja ukiwa na herufi H, ya honazi, pembeni ya namba ya kozi. Aliyekwisha kufaulu somo la kawaida mara nyingi hawezi kulirudia kwa honazi ili apate krediti mpya. Kwa hiyo mwone mshauri wako wa masomo kabla dirisha la usajili halijafunguliwa, maana nafasi ni chache, na pale honazi inapodai tasnifu ya mwaka wa mwisho, yaani andiko refu la utafiti, huhitaji msimamizi aliyekubali mapema.