Chumvi, iodini na vidonge haviwi ngao ya mionzi

Kuna ujumbe ambao haukomi kuzunguka kwenye magrupu ya Lindi na Mtwara: koroga chumvi yenye madini joto, tia matone ya iodini ya vidonda, meza na vidonge vya kuua bakteria, na mionzi haitakugusa. Si kweli, na unaweza kumdhuru mtu.

Chanzo cha mkanganyiko kinaeleweka. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, mwaka 1986, watoto wa Poland walipewa iodini kweli. Lakini dawa hiyo hujaza tezi ya shingoni ili isinyonye iodini yenye mionzi, basi. Haizuii sizi (metali ya cesium yenye mionzi, si masizi ya moshi), wala mionzi inayopenya mwili kutoka nje. Sizi ina dawa yake, plutoni, metali nyingine yenye mionzi, ina yake, na uboho (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) ulioumia una sindano zake. Madaktari huweza kuziunganisha, ila baada ya kujua ni kitu gani kimeingia mwilini na kwa kiasi gani.

Dozi ya mtu mzima ya dawa hiyo ya iodini ni miligramu 130 za iodidi ya potasiamu. Kwa chumvi ya mezani ungehitaji kilo kadhaa, na chumvi nyingi hivyo inaua. Ile iodini ya kahawia, soma chupa yake: ni ya kupaka tu. Ikinywewa huunguza koo na tumbo.

Muulize mfamasia wa duka la dawa lililo karibu nawe. Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyekutumia kwa upole, maana wengi huutuma kwa kuwajali ndugu zao.