Maziwa Hayaoshi Risasi

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Fundi wa betri, kijana wa miaka thelathini na kitu, amekuja na msokoto wa tumbo usioisha, choo kigumu, na vidole vilivyoanza kulegea kwenye spana. Nikamwuliza anajikinga vipi kazini. Akanijibu bila kusita: "Kwa maziwa, daktari. Kila jioni tunapewa pakiti ya nusu lita. Yanaosha sumu."

Nimeshughulika na afya ya wafanyakazi hapa Mombasa kwa miaka mingi, na jibu hilo nimelisikia kwa wachomeleaji, kwa mafundi wa rangi za magari, kwa wanaoyeyusha betri kuukuu, hata kwa mameneja wenye shahada zao. Nimechoka kulisahihisha kwa mtu mmoja mmoja chumbani.

Sumu anayoisema ni risasi, ile metali nzito iliyomo kwenye pleti za betri. Tazama kazi yenyewe. Betri inavunjwa kwa shoka, asidi inamwagwa, pleti za ndani zinatolewa na kuyeyushwa. Risasi huyeyuka kwa nyuzi joto 327 tu, na jiko la makaa lenye mvukuto linafika hapo na kupita. Moto ukizidi, risasi inafuka. Mvuke ule ukipoa hewani unakuwa chembe ndogo ambazo jicho halizioni. Mtu akizivuta zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na kutoka hapo zinaingia kwenye damu moja kwa moja. Maziwa yanapita kooni kwenda tumboni. Hayana njia ya kuzifuata huko.

Najua dhana hii ilikotoka, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Kalsiamu na madini ya chuma hugombania na risasi mlango wa kuingilia kwenye ukuta wa utumbo. Ndiyo maana mtoto aliyeshiba, asiye na upungufu wa damu, hunyonya risasi kidogo kuliko mwenzake mwenye njaa. Lakini hiyo ni habari ya chakula cha kila siku, dagaa, maharagwe, mboga za majani na maziwa pia, mwaka mzima. Pakiti moja ya jioni kwa mtu aliyeshinda kwenye moshi kwa muda wa saa nane ni kitu kingine kabisa. Na hata chakula bora kiasi gani hakiitoi risasi iliyokwisha kuingia.

Ikishaingia, huchukua takriban mwezi mzima kiasi kilichomo kwenye damu kupungua kwa nusu, tena kama mtu hajavuta nyingine. Wala haitoki yote kwa mkojo. Sehemu kubwa inahamia mifupani, maana mwili unaipokea kama kalsiamu. Kwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya risasi aliyonayo imo ndani ya mifupa na meno, na inakaa humo kwa miongo. Mwanamke aliyeivuta akiwa msichana, akishika mimba au akinyonyesha, mifupa yake inatoa kalsiamu na risasi inatoka nayo, inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto ambaye hajawahi kukanyaga karibu na kiwanda. Niambieni pakiti ya maziwa inaosha nini hapo.

Dawa za kuivuta risasi mwilini zipo. Kwa watoto wadogo, Shirika la Afya Duniani linazipendekeza kipimo kikifika mikrogramu 45 kwa desilita moja ya damu. Hutolewa chini ya uangalizi wa karibu, na hazina faida mgonjwa akirudishwa kwenye vumbi lile lile. Kabla ya dawa yoyote, kazi ya kwanza ni kuutafuta mlango unaoingiza sumu na kuufunga.

Sasa nirudi kwa yule fundi, kwa sababu nilipomwuliza maziwa anayanywea wapi, aliona haya kidogo. Hayanywi. Anampelekea bintiye wa miaka mitatu. Pakiti inatoka kazini ndani ya mfuko wa ovaroli, ovaroli ile ile aliyovunjia betri mchana kutwa. Akifika nyumbani, mtoto anamrukia, anaingiza mkono mfukoni, anaichomoa pakiti na kuing'ata kona kwa meno, kama watoto wetu wote wanavyofungua maziwa. Nilimwomba anionyeshe mfuko. Nikaupindua juu ya karatasi nyeupe ya kliniki. Ukaanguka unga wa kijivu, mwororo kama majivu ya ubani.

Unga ule ndio ulikuwa ukishuka na maziwa kila jioni. Na utumbo wa mtoto mdogo hunyonya risasi mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima.

Simlaumu baba huyu hata kidogo. Alikuwa akijinyima ili mwanawe anywe. Ninaowalaumu ni waajiri wanaogawa maziwa huku wakijua, au wakikataa kujua. Pakiti ile inamwambia mfanyakazi kwamba kinga ameshapewa. Akishaipokea haulizi tena iko wapi feni ya kuvuta moshi, liko wapi bafu, kwa nini ovaroli inakwenda kufuliwa nyumbani kwenye beseni la nguo za watoto, na lini mara ya mwisho damu yake ilipimwa. Feni, bafu na vipimo ni ghali kuliko maziwa. Hiyo ndiyo siri yote ya maziwa.

Haya mengine ninayoambiwa kuhusu risasi nitayapitia upesi.

"Kiwanda kilifungwa, kwa hiyo yameisha." Risasi haiozi wala haichakai. Ni elementi, ilipoangukia ndipo ilipo mpaka mtu aje aiondoe. Mgodi wa risasi wa Kabwe kule Zambia ulifungwa mwaka 1994, na watoto wanaozaliwa leo karibu nao bado wanakutwa na risasi kwenye damu, kwa sababu wanachezea udongo ule ule. Hapa kwetu Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa mwaka 2014, baada ya wakazi wakiongozwa na Phyllis Omido, ambaye mwanawe mwenyewe alipata sumu hiyo, kupiga kelele kwa miaka. Mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, hukumu ikapinduliwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikairudisha mwezi Desemba 2024. Hukumu ni hukumu. Udongo ni kitu kingine: unatakiwa kuchimbwa na kuondolewa, au kufunikwa kabisa. Lango lenye kufuli haliuzuii upepo.

"Mwanangu hana dalili, anacheza vizuri." Mama, wengi wao hawana dalili. Hilo ndilo linalonitisha. Kifafa na kupoteza fahamu huja kiwango kikishapanda sana. Kabla ya hapo sumu inakula akili kimyakimya, na mtoto anaitwa mzito darasani au mtukutu. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kuwa hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Thiaroye, nje ya Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa vumbi la betri, na ndugu zao waliopimwa baadaye walikutwa na risasi nyingi mno. Jicho la mama halitoshi hapa. Pima damu, tena ya mshipa, maana ya kidole kwenye mikono yenye vumbi hutoa jibu la uongo.

"Tunachemsha maji." Kuchemsha kunaua vijidudu. Metali haifi, maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki.

"Navaa barakoa." Ya kitambaa au ile ya bluu ya hospitali haizuii chembe za mvuke wa tanuri. Leso iliyoloweshwa maji pia haizuii.

"Risasi iliondolewa kwenye petroli." Ni kweli, kwetu tangu katikati ya miaka ya 2000, na damu za watu mijini zilinufaika. Ila petroli ilikuwa mlango mmoja tu. Betri zimeongezeka, rangi za zamani bado zinabanduka kutani, na kuna wanja wa mawe, ule unaong'aa, ambao mara nyingi ni madini ya risasi yaliyosagwa. Nawaomba kina bibi waache kuwapaka wachanga. Hili najua linaudhi, na nitaendelea kulisema.

Na kama mnakaa karibu na karakana ya betri, kuna jambo moja ninalolirudia mpaka wauguzi wangu wananitania: acheni kufagia nyumba kavukavu. Ufagio unalinyanyua vumbi na kulirudisha puani na kwenye chakula. Lowesha kitambaa, pangusa sakafu na madirisha, suuza kitambaa mbali na mahali pa kupikia. Viatu vibaki nje. Mikono ya watoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kila mlo, na panapo udongo mtupu uani, upandwe majani au ufunikwe.

Yule fundi aliniuliza wakati anaondoka, "Kwa hiyo maziwa niache, daktari?" Nikamwambia hapana, ndugu yangu. Maziwa ni chakula kizuri, mnunulie mtoto dukani kwa mkono uliooshwa. Ovaroli isivuke mlango wa nyumba yako. Na mlete huyo binti.

Alimleta Ijumaa, amevaa gauni la Idi. Tumemtoa damu mkononi, hakulia. Majibu hayajarudi.