Imekompaili, lakini je, iko sahihi? Dhana potofu za wanaoanza lugha ya C

Anayeanza C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, awe chuoni Nyegezi au anajifunza mwenyewe nyumbani Igoma, hapa Mwanza, huuliza maswali yaleyale. Karibu yote yana mzizi mmoja: imani kwamba kompyuta ikishaikubali programu, basi programu iko sawa. Katika C imani hiyo ndiyo inayowaumiza wengi.

Nianze na mawili ya haraka.

"C imepitwa na wakati." Dennis Ritchie aliiunda mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika maabara za Bell, Marekani, kwa hiyo umri inao. Lakini kiini (kernel) cha mfumo endeshi wa Linux kimeandikwa kwa C kwa sehemu kubwa sana, na simu zote za Android zinazouzwa pale Makoroboi zinategemea kiini hicho. Hata Python ile inayotumiwa na wengi imeandikwa kwa C.

"Nahitaji kompyuta kali na bando kila siku." Hapana. Kompaila ya gcc, yaani chombo kinachogeuza msimbo wako kuwa programu inayoendeshwa, ni ya bure, inakubali hata laptopu ya mtumba, na ukishaiweka haihitaji intaneti. Asiye na kompyuta anaweza kuweka Termux (app ya Android ya kuandikia amri) na clang (kompaila nyingine) kwenye simu yake akaanza leo. Ninachosihi ni kuachana na Turbo C, kompaila ya zamani, na zile notsi zake zinazopitishwa kwenye flashi. Vitu kama `conio.h` na `void main` si sehemu ya kiwango cha C, na mwanafunzi hupoteza muda mwingi kushangaa kwa nini msimbo wake unakataliwa kwenye kompaila ya leo.

Sasa tuje kwenye dhana nzito: "Nikivuka mipaka ya safu (array), C itanizuia."

Tuseme mama mmoja wa soko la Mwaloni, Kirumba, amepima magunia 7 ya dagaa, na kijana anamwandikia programu ya kujumlisha kilo:

int kilo[7];
int jumla;
for (int i = 0; i <= 7; i++)
    jumla += kilo[i];

Tuchukulie kilo zenyewe zimeshaingizwa. Bado kuna makosa mawili, na programu itakompaili. Safu ya nafasi 7 huhesabiwa kuanzia 0 hadi 6. Alama ya `<=` inaipeleka kwenye `kilo[7]`, nafasi ya nane, ambayo si ya safu hiyo. C haikagui. Itachukua chochote ilichokikuta pale kwenye kumbukumbu: kikiwa sifuri, jibu linaweza kutoka sahihi na kijana atafurahi, kikiwa namba kubwa, mama ataambiwa ana tani za dagaa ambazo hajawahi kuziona. Kiwango cha C hakiahidi lolote hapo, na ndiyo maana programu hiyohiyo inaweza kutoa jibu zuri kwako na jibu bovu kwa mwenzako.

Kosa la pili ni `jumla` kutopewa thamani ya mwanzo. Wengi huamini kigeu (variable) kipya huanza na sifuri. Kilichotangazwa nje ya fanksheni zote (vipande vya programu kama `main`) huanza hivyo kweli, na nadhani ndiyo sababu dhana hii haifi. Kilichotangazwa ndani ya fanksheni, kama hiki, kina masalia tu. Andika `int jumla = 0;`.

Kwa maoni yangu, anayeanza angefundishwa amri hii siku ya kwanza kabisa:

gcc -Wall -Wextra -g -fsanitize=address,undefined dagaa.c

Ukikompaili hivyo kwenye Linux, programu ikivuka safu itasimama na kukuonyesha mstari wenye kosa.

Tukiwa bado na mama yetu: jumla imetoka kilo 415, anataka wastani. Kijana anaandika `float wastani = jumla / 7;` akidhani `float` italeta desimali. Inaleta 59. Namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, desimali hukatwa kabla jibu halijafika kwenye `wastani`. Zidisha 59 kwa 7 upate 413; kilo 2 zimepotea kimyakimya. Andika `jumla / 7.0`.

"scanf imeruka swali langu." Haijaruka. scanf ni fanksheni ya kusoma anachoandika mtumiaji. Ulisoma namba kwa `%d`, na Enter uliyobonyeza ikabaki inasubiri. `%c` inayofuata inaichukua hiyo Enter kama herufi. Weka nafasi mbele, `" %c"`, na tatizo linaisha. Na ile `&` unayoiandika kwenye scanf ni anwani ya kigeu, ili scanf ijue pa kuweka jibu. Kwa hiyo ukisema pointa ni ngumu na utaziruka, jua kwamba umeshazitumia tangu wiki ya kwanza, kwani pointa ni kigeu kinachobeba anwani.

Kwenye maneno, usilinganishe kwa `==`, kwa sababu inalinganisha anwani, si herufi. Tumia `strcmp`, ambayo hurudisha 0 maneno yakifanana. Kumbuka pia kwamba "Mwanza" ina herufi 6 lakini inahitaji baiti 7, ya mwisho ikiwa ile sifuri ya kufungia. Cha kutisha, `char mji[6] = "Mwanza";` inaruhusiwa na C, ila sifuri inaachwa nje, na printf ikiambiwa ichapishe neno hilo inaweza kuendelea kuchapa takataka zilizo mbele yake.

La mwisho: "Onyo la kompaila si kosa, nalipuuza." Andika `if (jumla = 0)` badala ya `if (jumla == 0)`. Kigeu kinafutwa kuwa sifuri, na sharti halitimii kamwe. C inakubali, programu inaendeshwa. Ukiwa na `-Wall`, inayowasha maonyo, gcc itakuonyesha mstari huo kabla hujaendesha chochote.