Kisiwa cha umeme: swali la kwanza kabla ya kuunganisha inveta na gridi

Kwa mafundi wa gridi, kisiwa si Ukerewe wala Saanane. Ni kipande cha laini kilichotengwa na gridi lakini bado kina umeme, kwa sababu kuna chanzo kingine kinachokilisha. Chanzo hicho chaweza kuwa inveta mseto (haibridi), kifaa kinachogeuza umeme wa sola na betri uwe wa matumizi ya nyumbani, iliyofungwa ukutani kwako Nyegezi, Mwanza. TANESCO ikizima laini ili fundi apande nguzo, inveta isiyojitenga hupeleka volti 230 barabarani, na transfoma huzipandisha zikawa maelfu upande wa pili. Mara nyingi mzigo wa majirani huilemea inveta ndogo ikajizima. Mzigo ukiwa mdogo haijizimi, na hapo ndipo fundi hufa.

Ndiyo maana kiini cha idhini ya kuunganisha inveta na gridi ni hiki: gridi ikizimika, inveta itajitenga ndani ya sekunde 2? Jaribio lake ni la kiwango cha kimataifa cha IEC 62116. Cheti huhusu modeli, si kampuni nzima, kwa hiyo linganisha namba ya modeli iliyo kwenye kibati cha inveta na iliyo kwenye cheti.

Kabla ya yote, jua umenunua nini. Inveta nyingi zinazoitwa haibridi huchukua umeme wa gridi kuchaji betri na kuupitisha nyumbani tu, hazirudishi kitu. Nyingine hufanya kazi sambamba na gridi, na hizi ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa. Hata ukiiweka isirudishe umeme, kihisi cha mkondo kinachobana waya wa laini kikifungwa mshale wake ukielekea kinyume, inveta hupotoshwa na kuusukuma nje. Baadhi ya mita za LUKU huhesabu umeme huo kana kwamba umeutumia: yuniti zinaisha mchana wa jua kali.

Ombi la idhini liandaliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Aambatishe mchoro wa mfumo mzima, cheti cha inveta, mahali ilipo swichi ya kutenganisha inayofungika kwa kufuli, na vipimo vya ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja.

Ethi ndiyo inayosumbua Mwanza. Kwenye miteremko ya mawe kama Bugando, fito ya ethi inayopigiliwa ardhini hugonga mwamba kabla ya kuzama mita moja, na mafundi wengine huikata juu wakanyamaza. Usikubali. Chimba mtaro penye udongo, laza waya mtupu wa shaba, kisha pima upya wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu.