Kabla ya kulalamikia harufu ya dawa kwenye maji

Malalamiko tunayoyapokea mara nyingi maabara si ya maji machafu. Ni ya "dawa". Mama anafungua koki asubuhi, anasikia harufu ya klorini, chai inakuwa na ladha isiyoeleweka, anapiga simu ofisi ya maji kuuliza leo wametumwagia nini. Mwendesha mitambo ni jirani yake, watoto wao wanasoma darasa moja, basi anapunguza dawa. Wiki inayofuata harufu haipo na mji mzima umeridhika. Mwenye wasiwasi nabaki mimi, kwa sababu bomba lisilo na klorini hata kidogo ni nyumba iliyoachwa mlango wazi usiku.

Nawaandikia hasa watu wa miji midogo: wale ambao maji yao yanatoka kisima kimoja au viwili virefu, yanasukumwa hadi tenki la mlimani, kisha yanashuka kwenye vilula na majumbani, na mradi mzima uko mikononi mwa chombo cha jamii (CBWSO) au mamlaka yenye wafanyakazi wa kuhesabika kwa vidole. Miji mikubwa ina wakemia wake na maabara zake. Mji mdogo una fundi mmoja, daftari, na kopo la HTH, yaani unga wa klorini.

Klorini ina kazi mbili, na watu wengi wanaijua ya kwanza tu. Kazi ya kwanza ni kuua vimelea ndani ya tenki, na hapo inahitaji muda: angalau nusu saa ya kukaa na maji kabla hayajaingia kwenye mabomba ya mji. Kazi ya pili ni kubaki. Inayosalia baada ya kuua ndiyo inayosafiri na maji kwenye bomba, ikisubiri uchafu wowote utakaopenya njiani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka isalie isiyopungua miligramu 0.5 kwa lita baada ya ile nusu saa, na isiyopungua 0.2 maji yanapomfikia mtumiaji. Kwenye ndoo ya lita 20, hiyo 0.2 ni miligramu 4 za klorini, uzito usiofika hata robo ya punje ya mchele. Upande wa juu, mwongozo huohuo unaweka kikomo cha miligramu 5 kwa lita kwa mtu anayekunywa maji hayo maisha yake yote. Pua ya binadamu inalalamika mapema sana kabla ya hapo. Kwa hiyo harufu hafifu ya dawa asubuhi si dalili kwamba mnalishwa sumu.

"Lakini kisima chetu kina mita 100, maji yake yanatoka safi." Huenda ni kweli kabisa. Tatizo ni safari. Miji yetu inaishi kwa mgao: maji Jumatatu na Alhamisi, siku nyingine bomba ni tupu. Bomba lenye maji ya kasi linavujisha nje, na hasara inakuwa ya mamlaka tu. Bomba tupu linavuta ndani. Palipo na ufa, kiungo kilicholegea, au mtu aliyejiunganishia kwa mpira wa pikipiki, maji ya mtaroni yanaingia, na pump ikiwashwa Alhamisi yanasukumwa hadi jikoni kwako. Kisima hakina kosa hapo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya nchi maskini. Basi twende Walkerton.

Walkerton ni mji mdogo katika jimbo la Ontario, Kanada. Mwaka 2000 ulikuwa na watu wapatao 4,800 na visima vitatu vya maji ya mji. Kimoja, kilichoitwa Kisima namba 5, kilichimbwa mwaka 1978 karibu na shamba la ng'ombe. Kilikuwa kifupi, na miamba iliyokizunguka ilikuwa na nyufa. Kati ya tarehe 8 na 12 Mei mwaka huo zilinyesha milimita 134 za mvua. Samadi iliyokuwa imetandazwa shambani, kwa utaratibu unaokubalika kabisa wa kilimo, ilishuka na mvua ikaingia kisimani ikiwa na bakteria aina ya E. coli O157:H7 na Campylobacter. Watu zaidi ya 2,300 waliugua. Saba walifariki. Kuna watoto wadogo ambao figo zao zilishindwa kufanya kazi.

Bakteria hao wanakufa kwa klorini ya kawaida. Hawana ushujaa wowote. Kanuni ya jimbo ilitaka isalie miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 15, na waendeshaji walitakiwa kupima kila siku na kuandika. Na waliandika! Daftari lilijaa namba: 0.5, 0.75, 0.5, 0.75, siku baada ya siku. Uchunguzi wa tume iliyoongozwa na Jaji Dennis O'Connor ulionyesha kuwa namba nyingi kati ya hizo hazikupimwa. Zilibuniwa. Kwa miaka waendeshaji walikuwa wakitia dawa pungufu, na hata chupa za sampuli ziliandikwa kuwa zimechotwa mahali fulani wakati zilichotwa kwingine.

Kwa nini? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Hawakuwa watu wenye nia ya kuua majirani zao. Walikuwa wakinywa wenyewe maji ya kisima yasiyo na dawa, wakiamini ni mazuri. Na baadhi ya wananchi walikuwa wakilalamika kwamba maji yana ladha ya klorini. Unaona? Ni mazungumzo yaleyale ya jirani na fundi, ila yamefanyika kwa Kiingereza.

Kilichofuata ni kibaya zaidi. Sampuli zilichukuliwa tarehe 15 Mei. Tarehe 17 maabara ilituma majibu kwamba maji yamechafuka, lakini iliyatuma kwa shirika la maji peke yake. Meneja akanyamaza. Ofisi ya afya, iliyoanza kuona wagonjwa wanaohara damu, ilipopiga simu kuuliza kuanzia tarehe 19, iliambiwa maji ni salama. Tarehe 21 ofisi hiyo ikaamua kutoamini jibu hilo na kutangaza watu wachemshe maji. Siku nne zilikuwa zimepita tangu karatasi ya majibu ifike mezani. Tume ilihitimisha kwamba kifaa cha kupima klorini muda wote kwenye kisima kile kingezuia mlipuko, na kwamba hata kipimo cha mkono cha kila siku, kama kingefanyika kweli, kingepunguza sana madhara.

Nikirudi nyumbani, kipimo hicho cha mkono ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Unachota maji kidogo kwenye kichupa, unatia kidonge cha DPD, unatikisa. Klorini ikiwepo, maji yanageuka rangi ya waridi, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Unalinganisha na kadi ya rangi, unasoma namba. Maji yakibaki meupe, hakuna kitu. (Kuna mtego mmoja: klorini ikizidi mno, huichubua rangi yenyewe na maji yakabaki meupe vilevile. Fundi aliyetia dozi kubwa akaona sifuri asikimbilie kuongeza. Achanganye sampuli na maji yasiyo na klorini, apime upya.)

Kipimo kifanyike wapi? Si tenkini. Tenkini namba itapendeza daima, dawa imetoka kumwagwa. Kifanyike kwenye bomba la mwisho kabisa, kule bondeni ambako maji hufika yamechoka. Bomba hilo likisoma 0.2, mtaa mzima uliotangulia uko na ulinzi.

Kuhusu HTH yenyewe nieleze kwa hesabu, maana miradi mingi inapotelea hapa. Tuseme tenki ni la lita 50,000 na unataka miligramu 2 kwa lita. Hiyo ni gramu 100 za klorini. HTH mpya ina takribani asilimia 65 ya klorini, kwa hiyo unapima gramu 154. Sasa kopo limefunguliwa tangu masika, mfuniko haukazi, na stoo ina joto na unyevu. Nguvu imeshuka hadi asilimia 40. Fundi anapima gramu 154 zilezile alizofundishwa, lakini zinabeba gramu 62 tu, yaani karibu miligramu 1.2 kwa lita. Maji nayo yana kiu yake: madini ya chuma, tope na uchafu vinakunywa klorini kabla vimelea havijaguswa. Kiu hiyo ikiwa miligramu 1, dawa mpya ingeacha 1, dawa ya zamani inaacha 0.2 palepale tenkini. Bondeni itafika sifuri. Fundi ametimiza wajibu wake, daftari lina tarehe na saini, na maji hayana kinga. Ndiyo maana gramu zilizomwagwa hazitoshi kuandikwa. Kinachohesabika ni kilichosalia.

Na tafadhali, HTH isikae chumba kimoja na dizeli ya jenereta wala oili. Vikikutana vinaweza kuwaka vyenyewe. Wakati wa kuchanganya, unga ndio unaotiwa kwenye maji, si maji kumwagwa juu ya unga.

Je, sampuli za maabara hazitoshi? Zinahitajika, na sikati mkate wangu mwenyewe. Mwongozo wa WHO unashauri mfumo wa bomba unaohudumia watu chini ya 5,000 uchukue angalau sampuli 12 za vimelea kwa mwaka, na kuanzia hapo 12 kwa kila watu 5,000. Mji wa watu 20,000 ni sampuli 48. Kigezo hakina mjadala: E. coli asionekane kabisa katika mililita 100. Lakini bakteria lazima tumwoteshe, na kumwotesha kunachukua karibu siku nzima. Ongeza safari ya chupa ndani ya kasha la barafu. Nikikupa jibu, maji yale yalishanyweka zamani. Jibu la maabara ni habari ya juzi. DPD ni habari ya sasa hivi.

Jambo dogo kwa wanaotuletea sampuli: chupa ya maabara msiisuuze. Ile chembechembe mnayoiona chini si uchafu, ni kemikali inayozima klorini ili isiendelee kuua bakteria njiani. Ukiisuuza, utatuletea maji yanayoonekana mazuri kuliko yalivyo, na cheti chako kitakudanganya.

Klorini ina mipaka. Haiondoi floraidi, na hilo si dogo kwetu: visima vingi vya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga vinaibeba kutoka kwenye miamba, na meno ya kahawia ya watu wa huko ndiyo ushahidi. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita. Kiwango cha sasa ni 1.5. Kuchemsha nako hakusaidii, kwani maji yanapungua na floraidi inabaki ileile sufuriani. Hapo suluhisho ni kubadili au kuchanganya vyanzo, au chujio la mifupa iliyochomwa kama lile lililofanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha. Kisima kipya kipimwe madini kabla pampu haijanunuliwa, si baada ya uzinduzi na utepe kukatwa.

Nyumbani, siku maji yanaporudi baada ya mgao, yale ya mwanzo yaache yatoke kwanza: deki, maua, choo. Ya kunywa kinga yakishatulia na kutakata. Kumbuka pia kwamba simtank yako inakula klorini; maji yaliyokaa humo siku nne hayana tena ulinzi yaliyokuja nao, kwa hiyo ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kwa dakika nzima, yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, na yamiminwe badala ya kuchotwa kwa kikombe kinachoshikwa na kila mkono.

Na mkutano wa watumia maji ukiitishwa, ajenda ikawa bei ya dumu kama kawaida, kuna maswali matatu ambayo hayagharimu kitu. Bomba la mwisho ni lipi, na jana lilisoma ngapi? Kopo la HTH linalotumika lilifunguliwa lini? Majibu mabaya ya maabara yakija usiku, nani mwingine anapigiwa simu zaidi ya meneja? Hilo la tatu Ontario walilijibu kwa sheria mwaka 2002: maabara ikikuta maji mabaya inamtaarifu moja kwa moja afisa wa afya pia, siyo mwenye mradi peke yake. Mkiweza, ombeni mjumbe mmoja afuatane na fundi siku moja bila kutangaza, wakapime pamoja kule bondeni, kisha wafungue daftari na kulinganisha namba waliyoiona na zile zilizoandikwa wiki nzima. Zikiwa zote zinafanana sana, 0.5, 0.5, 0.5, ulizeni kidonge cha DPD kinakaa wapi, na vimebaki vingapi.